Katikati ya Jora

4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini wewe na mkaza mjomba hamjambo. Mimi mzima, isipokuwa kitanda cha bweni kina chuma kinachonichoma ubavuni, na mwenzangu wa chumba husoma kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Mama anakusalimu. Goti lake limepungua uvimbe lakini limeongeza maneno: kila anayeingia dukani kununua kalamu lazima kwanza asikie historia yake. Anasema umemtupa, hujaenda kumwona tangu mwaka jana. Mimi nimefikisha tu, mjumbe hauawi.

Sasa jambo lenyewe. Nimeanza somo la saikolojia, ule utangulizi wake: namna tunavyoona, tunavyojifunza, tunavyokumbuka na tunavyohukumiana. Mwalimu wetu ni mama mfupi asiyecheka, anayesema anayekariri bila kujaribu ni kasuku mwenye ada. Ametutaka kila mmoja achague mtu anayemfahamu na kumjaribia kila sura ya kitabu. Majibu yawe kwa mwandiko wa mtu huyo, yasiongezwe wala kupunguzwa. Jina lake haliandikwi, anaitwa "mshiriki". Nimepitia ukoo mzima. Mama angejibu maswali ambayo sijauliza. Kaka angetaka kujua analipwa ngapi. Umebaki wewe, ambaye simu huipendi, barua unazijibu, na uzi ukikaa vibaya husemi umekaa vizuri.

Swali la kwanza ni jepesi. Kitabu kinasema ukimpigia mbwa kengele kila unapomlisha, mwishowe kengele peke yake humtoa mate. Je, king'ora cha kiwanda chenu cha saa sita, ukikisikia siku ya mapumziko, unasikia njaa? Usidhani nakufananisha na mbwa. Nakufananisha na binadamu, ambaye kitabu kinasema hayuko mbali naye.

Mpwa wako

19 Februari

Profesa, marahaba.

Barua imefika ikiwa na kona moja imelowa, lakini maneno yote yapo, pamoja na yale ya mbwa. Sisi wazima. Mkaza mjomba wako amepatwa tena na homa yake ya kuhamisha vyombo. Kabati liko palipokuwa na meza, na meza nimeijua ilipo kwa paja langu. Nimemwambia mwanamke huyu mwisho atanivunja mguu, akasema meza haijahama tangu mwezi uliopita, tazama unakokwenda. Mwambie mama yako nitakwenda.

Jibu la swali: ndiyo. Jumapili king'ora hujaribiwa na mafundi saa sita kamili. Mimi nimekunywa chai saa nne, nimeshiba, lakini kikilia tu tumbo linanguruma mpaka linasikika chumba cha pili. Miaka thelathini na moja ya kengele. Mbwa wako angalau alipewa nyama.

Maana nimetajwa kuwa mshiriki, wenzako wajue kazi ya mshiriki, wasije wakadhani nashona. Mimi ni mkaguzi wa vitambaa. Jora likitoka kwenye mitambo linapandishwa kwenye rola, kitambaa kinashuka taratibu juu ya kioo kilicholazwa, taa zikiwaka chini yake. Wakaguzi wawili wanakaa bega kwa bega. Mimi nakaa kushoto, mwenzangu kulia. Ukiona kasoro, uzi uliokatika au fundo au doa la mafuta, unasimamisha rola kwa mguu na kufunga uzi mwekundu pembeni. Jora likiisha linapigwa mhuri wa meza. Yetu ni meza namba nne, na mhuri wake ulikuwa unaaminiwa kuliko saini ya meneja.

Nasema ulikuwa. Tangu Novemba, majora saba yamerudishwa na wanunuzi, yote ya meza namba nne. Kasoro zake mtoto wa darasa la kwanza angeziona. Mwenzangu ni mwanamke mmoja tunayemwita Mama Pini, kwa sababu ya pini anazozipanga kwenye kola ya koti lake la kazi. Ana miaka minne tu hapa. Ana watoto watatu na mume asiye na kazi, kwa hiyo sitaki kusema sana. Lakini mtu wa soga hawezi kazi ya macho.

Leta swali la pili.

Mjomba wako

6 Machi

Mjomba, shikamoo.

Huku salama. Mama amepata fimbo ya kutembelea na sasa anaitumia zaidi kuonyesha vitu kuliko kutembelea. Anauliza "nitakwenda" yako ni ya mwezi gani.

Jibu lako la king'ora nimelisoma darasani. Wamecheka, na mwalimu karibu acheke.

Tumefika sura ya namna watu wanavyowahukumu wenzao. Kitabu kinasema tuna ugonjwa mmoja wote. Mwenzetu akikosea, tunasema ndivyo alivyo: mvivu, mzembe, mtu wa soga. Tukikosea wenyewe, tunasema ni hali: taa ilikuwa hafifu, nilisumbuliwa, mashine ilikwenda kasi. Mwalimu anasema hata walioisoma sura hii wanaendelea kuugua. Sikusemi wewe, Mjomba. Nakuuliza tu, kama mshiriki: majora yale saba, ungekuwa umeyakosea wewe, ungesema kwa sababu gani?

Halafu lingine. Kitabu kinaeleza kwamba watu wengi wakiona jambo kwa pamoja, kila mmoja humwachia mwenzake, na jambo linakosa mwenyewe. Nimejiuliza kuhusu meza yenu. Kushoto ni kwako, kulia ni kwa Mama Pini. Kasoro zile zilikuwa upande gani?

Ndani ya bahasha kuna kadi. Kushoto ina alama ya kujumlisha, kulia ina doti nyeusi. Funga jicho la kushoto, ukazie jicho la kulia kwenye alama ya kujumlisha, usilihamishe. Anza mkono ukiwa umenyooka, kisha sogeza kadi polepole kuelekea usoni. Kama kitu chochote kitatokea kwa ile doti, pima umbali kwa rula, uandike. Kisha fanya kinyume: funga la kulia, la kushoto liangalie doti, utazame kinachotokea kwa alama. Sikuambii utaona nini, nisije nikakutia maneno mdomoni.

Mpwa wako

21 Machi

Marahaba, Profesa.

Sisi hatujambo. Mkaza mjomba wako alikuwa na mafua, yamekwisha. Mimi nimevunja vikombe viwili ndani ya wiki moja, naye ameanza kunipa chai kwenye kikombe cha bati kama mfungwa.

Ile sura yako ya hukumu nimeisoma, na nimeelewa unakotaka kwenda nayo. Mwandishi wa kitabu hicho hajawahi kukaa meza moja na mtu wa soga. Ningekuwa nimekosea mimi, ningesema nimekosea mimi. Lakini sijakosea, kwa sababu majora yale yalipita mbele ya macho yangu na nilikiona kitambaa kikiwa safi. Si kwamba sikuangalia. Niliangalia, nikaona, kilikuwa safi.

Kasoro zilikuwa katikati. Katikati ndipo mvivu husema mwenzangu ataangalia, hapo kitabu chako kimepata.

Kadi nimeifanya mezani nyumbani, mkaza mjomba wako akishika rula. Jicho la kulia: doti ilipotea kwenye sentimita arubaini. Nikaisogeza, nikaisogeza, mpaka kadi ikagusa pua, haikurudi. Nilirudia mara nne. Jicho la kushoto: alama ilipotea kwenye thelathini na mbili, ikarudi kwenye kumi na mbili. Mkaza mjomba wako naye akajaribu, kwake vyote vilipotea na kurudi haraka, baada ya kama sentimita sita hivi. Nadhani kadi yenu imechapwa vibaya upande wa doti. Mwambieni mpiga chapa.

Wiki iliyopita msimamizi alinitaka niandike ripoti juu ya mwenzangu. Nimeandika nilichokiona na si zaidi: mara tatu, baada ya chakula cha mchana, Mama Pini amesinzia mezani, kidevu kifuani. Sikupenda kuandika. Lakini kweli ni kweli, na mhuri ni mhuri.

Mjomba wako

2 Mei

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kukawia. Tulikuwa na mawasilisho, halafu mitihani ya kati, halafu mwenzangu wa chumba akahama na pasi yangu, nikawa namfuatilia. Mama mzima. Goti amelizoea, sasa ni bega.

Majibu yako ya kadi yalipendwa sana. Mwalimu aliniita mbele niyaeleze, nikapata alama za juu darasani. Kwa hiyo umechangia elimu, Mjomba.

Sura tuliyomo sasa ni ya kumbukumbu. Hakuna kadi safari hii, maswali ya kawaida tu, uyajibu ukipata nafasi. Je, hujikwaa kwenye vitu nyumbani? Vile vikombe viwili ulivigonga kwa mkono gani? Ukivuka barabara, kuna gari linalokushtukiza? Kiwanda chenu kina zahanati, na daktari wa macho huja lini? Mkaza mjomba anaonaje hali yako kwa jumla?

Na lile la meza ningependa kulielewa vizuri. Kama wewe ni kushoto na yeye ni kulia, ile sehemu ya katikati ni ya nani?

Mpwa wako

14 Mei

Profesa.

Marahaba. Wote wazima.

Nimekagua vitambaa tangu hujazaliwa, najua kitambaa kilichoshonwa kwa viraka. Hayo si maswali ya kumbukumbu. Kama una la kusema, sema.

Mama Pini amesimamishwa kazi tangu tarehe tano, bila mshahara. Kikao cha nidhamu ni tarehe ishirini na tano Juni, na ninavyoliona jambo hili, ataachishwa. Siku aliyokabidhiwa karatasi alizungumza mbele ya msimamizi, hakupayuka. Alisema, "Mimi sikatai kosa langu, lakini ya katikati si yangu. Muulizeni mzee." Msimamizi akanigeukia. Nikasema kanuni za kiwanda hazisemi ya katikati ni ya nani, ambayo ni kweli, unaweza kuzisoma ubaoni.

Akafungua pini kwenye kola moja moja, akazitia kwenye kijisanduku, akaondoka. Hakuniaga.

Majora mengine mawili yamerudishwa wiki hii. Yalipita mezani baada ya yeye kuondoka. Sijui niseme nini juu ya hayo.

Mjomba wako

20 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika asubuhi hii, najibu hapa hapa posta, nimesimama. Salamu za nyumbani utanisamehe.

Kadi haikuchapwa vibaya.

Kila mtu ana sehemu ndogo ndani ya jicho isiyoona, pale mshipa unapotokea kwenda kwenye ubongo. Kitabu kinaiita doa pofu. Kwa mtu wa kawaida, doti hupotea kwenye kama sentimita thelathini, na ukisogeza kadi kidogo hurudi, kama ilivyokuwa kwa mkaza mjomba. Kwako upande wa kulia haikurudi kabisa, na wa kushoto ilichelewa. Maana yake sehemu yako isiyoona ni kubwa kuliko inavyopaswa, macho yote mawili.

Na sikiliza hili, maana ndilo kubwa. Mahali pale hatuoni shimo jeusi. Ubongo haupendi pengo. Huchukua kilichopo pembeni ukazibia. Kama pembeni kuna karatasi nyeupe, utaona karatasi nyeupe. Kama pembeni kuna kitambaa safi, utaona kitambaa safi, na utakuwa tayari kuapa. Hukusema uongo, Mjomba. Ulikiona kweli, ila hakikuwepo.

Mwalimu aliyasoma majibu yako tarehe kumi na mbili Aprili. Darasa lilipotoka aliniambia, "Huyu mshiriki wako aende kwa daktari wa macho wiki hii. Inaweza kuwa presha ya jicho, na kinachopotea hakirudi." Nikasema ndiyo. Halafu nikarudi bwenini nikafurahia alama zangu. Nikasema mkaza mjomba yuko naye kila siku, lazima ameona. Nikasema kiwanda lazima kinawapima. Nikasema nikimwandikia ghafla nitamtisha, na mitihani iko karibu. Ile sura ya watu wanaoachiana jambo, niliyokuandikia wewe kwa mbwembwe, nilipata swali lake kwenye mtihani nikalijibu kurasa mbili. Leo ni siku ya thelathini na nane. Naona aibu kuliko ninavyoweza kuandika.

Nenda kwa daktari. Halafu nijibu moja tu: ya katikati ni ya nani?

Mpwa wako

12 Juni

Mjomba, shikamoo.

Wiki tatu sijapata kitu. Nilimpigia mkaza mjomba simu, akasema uko sawa, unakula, hutaki kuzungumza. Mama anasema ulikwenda kumwona Jumamosi, ukakaa saa mbili, mkazungumza goti lote na bega lote, ukaondoka. Hakuelewa ulikwenda kufanya nini. Alisema tu kwamba ulimtazama sana.

Kikao ni tarehe ishirini na tano. Sikuulizi tena. Nakukumbusha tarehe.

Mpwa wako

29 Juni

Mpwa wangu, marahaba.

Sisi wazima, mkaza mjomba wako anakusalimu. Ameandika salamu zake mwenyewe nyuma ya karatasi hii, usizisome kwa sauti bwenini.

Barua yako ya posta nilikaa nayo siku sita bila kumwonyesha mtu. Nilikukasirikia, nakwambia wazi. Nilihesabu zile siku zako thelathini na nane, nikazipa kila moja thamani yake. Siku ya saba nikaona na mimi nimeanza kuhesabu zangu, nikaenda kwa daktari. Ni presha ya jicho, macho yote mawili, la kulia zaidi. Alinikalisha mbele ya bakuli jeupe lenye vitaa vidogo, nibonyeze kitufe kila nikiona kitaa kimewaka. Nilibonyeza kwa bidii. Baadaye alinionyesha karatasi: upande mmoja ulikuwa na weusi wa kutosha kujaza kiganja. Kilichopotea kimepotea. Kilichobaki kinalindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yangu yote. Aliniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, aliweka kalamu chini.

Sasa swali lako. Ya katikati ni ya mkubwa wa meza. Haijaandikwa popote. Ndiyo desturi ya meza zote tangu naingia kiwandani: mgeni anapewa pembeni, mkubwa anachukua upande wake na ya katikati, maana jicho lake ndilo linaloaminiwa. Mama Pini nilimwambia hivyo mimi mwenyewe siku yake ya kwanza. Nilimwambia, "Ya katikati usihangaike nayo." Kwa hiyo majora yote tisa ni yangu. Nililijua hilo tangu Novemba, kabla hujanitumia kadi yoyote. Nililijua na nikasema haliwezekani, kwa sababu kitambaa nilikiona safi. Unaweza kuishi na vitu viwili namna hiyo muda mrefu. Nadhani kitabu chako kina sura yake.

Hilo la majora nilikuwa tayari kulisema. Ni maradhi, nani atamlaumu mgonjwa? Lililonishinda kulisema lilikuwa jingine. Nilimkalisha mkaza mjomba wako kwenye kiti kulia kwangu, pale anapokaa Mama Pini nikiwa kazini. Mimi nikakaza macho mezani mbele, kama kitambaa kinashuka. Nikamwambia akae afanye atakalo, mimi nitasema anafanya nini, bila kugeuka. Tukakaa kama dakika mbili. Nikasema, "Umetulia. Umeinamisha kichwa, unaangalia mikono." Akanijibu kutoka jikoni. Alikuwa anaosha vyombo.

Mpwa wangu, kiti kilikuwa kitupu. Mimi nilimwona mtu.

Tarehe ishirini na tano nilivaa koti la kazi nikaenda. Chumba cha mikutano kina meza ndefu na viti visivyolingana. Alikuwepo meneja, msimamizi, mwakilishi wa wafanyakazi na Mama Pini, ambaye alikaa karibu na mlango na mkoba mapajani, kama mtu wa kuondoka. Niliomba kusema kwanza. Nikatoa karatasi ya daktari. Nikasema ya katikati ni yangu, kwa desturi, na kwamba mama huyu alipolisema hilo mbele yangu nilijificha nyuma ya ubao wa kanuni.

Mwakilishi wa wafanyakazi akasema hata yeye anaijua desturi hiyo. Msimamizi akatazama chini. Meneja alipumua, unajua mtu anavyopumua akiona faili limekuwa jepesi. Akasema, "Basi, mzee, ni macho. Pole sana. Mama arudi kazini na mshahara wake wa siku zote hizi. Wewe tutakutafutia kazi ghalani mpaka muda wako ufike. Tuandike maradhi ya macho, tufunge."

Wote wakafurahi. Mama Pini peke yake hakufurahi. Akauliza, "Na kusinzia? Iliandikwa nimesinzia mara tatu. Na hilo ni macho?"

Meneja akasema, "Hilo nalo ni macho, mama. Mzee haoni vizuri, ameshasema."

Ilikuwa njia pana, imefagiliwa, na kila mtu alikuwa amekaa pembeni anipishe. Ningeweza kunyamaza tu. Sijui kitabu kinasemaje, lakini mwili wangu wote ulitaka kunyamaza.

Nikasema hapana. Nikasema macho hayakuandika ripoti ile, niliandika mimi. Jicho langu liliacha pengo pale alipokaa mama huyu, hilo ni maradhi, nalikubali. Lakini pengo lingeweza kuzibwa na mwanamke anayefanya kazi. Ndivyo alivyokuwa siku zote nilizogeuka nikamtazama, miaka minne. Mimi nililiziba kwa mwanamke aliyesinzia, kwa sababu huyo ndiye niliyemhitaji. Nikasema liandikwe hivyo, na liwekwe kwenye faili langu na si lake.

Meneja akasema hakuna haja. Nikasema ipo. Mwishowe wameandika. Ni onyo la maandishi, la kwanza katika miaka thelathini na moja, nami nimelitia saini mahali waliponionyesha kwa kidole.

Tulipotoka, Mama Pini alinisubiri kwenye korido. Nilianza kuomba radhi, akanizuia kwa mkono, bila ukali. Akasema, "Mzee, miaka minne nimekaa pembeni yako. Kumbe ulikuwa ukiona nini?"

Alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akasema kesho saa moja ana jora, akaenda zake.

Nakuomba jambo moja, Profesa. Kama kitabu chenu kina jibu la swali hilo, usinitumie. Ameniuliza mimi.

Mjomba wako